Bata wa Mashati Mawili

4 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekupigia simu wiki nzima, inaita mpaka inakata. Mume wangu akanicheka, akasema, "Dada yangu simu anaweza kuiacha ilie mpaka ichoke, lakini barua hajawahi kuiacha bila jibu. Mwandikie." Basi nimekaa chumba cha kubadilishia nguo hapa zahanati, zamu yangu bado haijaanza, nakuandikia.

Hatujambo. Mdogo wako yuko juu ya ngazi kama kawaida yake, anavuta nyaya kwenye jengo jipya, akirudi nyumbani nywele zake nyeupe kwa vumbi la saruji. Mama hajambo. Magoti ndiyo yanamsumbua, jikoni haingii siku hizi ila kuchungulia tu na kukosoa.

Lililonifanya niandike ni hili. Tarehe ishirini Juni mama anatimiza miaka sabini. Tumekubaliana tumfanyie chakula hapa hapa nyumbani, watu wachache wa karibu. Na mama mwenyewe amesema safari hii bata nipike mimi. Nilidhani ananitania. Tangu niolewe mwaka jana habari za bata wako nimezisikia mpaka nimezikariri: wa embe siku mume wangu alipofaulu mtihani wa umeme, wa machungwa kwenye harusi yetu, na huyo wa nanasi ambaye mama akimtaja hufumba macho. Mimi bata sijawahi kumpika. Kuku tunaelewana. Bata namwogopa, ana mafuta mengi kuliko nyama.

Nakuomba unielekeze bata wa nanasi, tena unielekeze kama mtu asiyejua kitu, sitaona haya. Na uje, tafadhali. Chumba chako nimeshakipangusa.

Wifi yako,
Nesi

*

11 Mei

Wifi,

Marahaba. Barua yako imenikuta kwenye cherehani. Simu yangu ina matatizo siku hizi.

Kwa hiyo mama amesema upike wewe. Kwa kinywa chake mwenyewe. Haya. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nimeolewa mbali, nimlaumu nani? Tena kipya kinyemi ingawa kidonda. Usikasirike, ni msemo tu.

Lakini ngoja kwanza ujue unashika nini. Mama alikuwa dobi. Nyumba nzima ilikuwa mashati ya watu, huwezi kupita bila kuinama. Bata tulimwona siku kubwa tu, na mama alinifundisha mimi kumpika. Hakumfundisha jirani wala mdogo wangu. Mimi, nikiwa sijafikia meza, nikisimama juu ya ndoo. Tangu hapo siku kubwa zote za nyumba ile bata ni wangu. Hata baada ya kuolewa nimekuwa nikikaa kwenye basi kutwa nzima, miguu inavimba, ili nifike nisimame mbele ya jiko lile. Mama akionja kipande cha kwanza husema, "Mkono wako, mwanangu." Halafu nyama yake karibu yote anaihamishia kwenye sahani ya Mfupa. Mumeo tulimpa jina hilo kwa namna anavyosafisha mifupa, hata paka hawamsogelei. Ndivyo mama alivyo, hali mpaka mwanawe ashibe. Mambo hayo hayafundishwi kwa barua.

Sasa andika. Tafuta bata jike, asiwe mzee. Mkaushe kwa kitambaa mpaka asiteleze mkononi. Chukua sindano nene, ile ya kushonea magunia, umtoboe ngozi kila mahali, kifuani na mapajani, ila isifike kwenye nyama. Mafuta yatatokea hapo, na ngozi itakauka vizuri. Menya nanasi lililoiva, nusu ulikune, nusu ulikate vipande. Hilo la kukuna lichanganye na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga, umpake ndani na nje, umwache humo. Kisha vipande vitie tumboni, ushone tumbo kwa uzi wa pamba. Usitumie wa nailoni, utayeyuka humo tumboni, mtakula plastiki. Oveni iwe na moto wa wastani. Mafuta yakichuruzika uyamimine kwenye chombo, utakaangia viazi. Mwisho chemsha maji ya nanasi na sukari kidogo mpaka yawe mazito, umpake juu, umrudishe motoni mpaka ang'ae.

Kuja sitaweza. Nina magauni sita ya wasimamizi wa harusi, na bibi harusi mwenyewe kila akija amenenepa.

Fundi

*

17 Mei

Wifi yangu,

Ahsante sana. Barua nimeisoma kwa sauti, mama akiwa kwenye kiti chake, akacheka aliposikia habari ya ndoo. Aliposikia kwamba huji hakucheka tena. Fikiria upya, wifi.

Nina swali. Umeandika "umwache humo" halafu ukaendelea na vipande. Nimwache mpaka lini? Usinicheke, ni kazi yangu inanifanya hivi. Sisi tukiambiwa mgonjwa apewe dawa, lazima tujue kiasi gani na kwa muda gani. Siwezi kumpikia mama kwa kubahatisha.

Mengine ni mazuri. Mama ameanza kuniita "mwanangu". Juzi nimerudi kazini nimechoka, akanikalisha chini akanisuka, huku ananisimulia mambo yenu ya utotoni. Nimemshonesha na gauni la siku hiyo, rangi ya kijani, kwa fundi wa hapa jirani. Kijana mdogo tu, lakini ana mkono mwepesi kweli, kwa siku mbili alikuwa amemaliza. Nilitaka nikuombe wewe, nikaona una kazi nyingi, nisikuongezee mzigo.

Nasubiri jibu lako la nanasi.

Wifi yako,
Nesi

*

22 Mei

Wifi,

Gauni la kijani.

Mama bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Pasi ya mkaa ndiyo iliyomfanya vile, miaka na miaka ya kuegemea upande mmoja. Gauni lake lazima uongeze kitambaa kidogo upande ule, usipoongeza litamvuta shingoni siku nzima na hatasema, atakaa amelishika kwa mkono. Huyo kijana wa mkono mwepesi amelijua hilo? Simuulizi. Mimi ni nani.

Hongera kwa kusukwa. Mimi mara ya mwisho mama kunisuka nilikuwa bado nina meno ya utoto.

Umeuliza bata akae kwenye nanasi mpaka lini. Usiku kucha. Mpake jioni, mfunike, mtoe asubuhi. Kadiri anavyokaa ndivyo viungo vinavyomkolea. Na usilichemshe hilo nanasi kabla ya kumpaka, liwe hivyo hivyo.

Kila la heri.

Fundi

*

28 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua umeninunia, kwa sababu salamu zangu hujazijibu na mke wangu umemwandikia "kila la heri" kama mtu anayemuaga msafiri. Sijui kosa langu ni lipi. Naomba msamaha hivyo hivyo, kwa jumla.

Mke wangu amenisomea barua yako, nikasikia "usiku kucha". Dada, usiku kucha? Mimi mambo ya jikoni siyajui, ila hili nalikumbuka vizuri. Mama alikuwa akimpaka bata nanasi wakati anaanza shati la kwanza la mteja. Shati la pili likishakunjwa anakupigia kelele, "Mwoshe!" nawe unakimbia naye bombani. Mashati mawili, basi. Na siku ile ulipokwenda kuruka kamba ukamsahau? Tulipomtoa kwenye chungu, nyama imebaki chini, mifupa imekuja mikononi. Tulikula kwa vijiko. Nililia kwa sababu sikupata cha kutafuna, nawe ulilia kwa sababu ya mwiko wa mama.

Au bata wa siku hizi wamebadilika?

Sijamwambia mke wangu neno. Mimi ni fundi umeme, najua nyaya mbili zikigusana kinachotokea, na kati yenu mawifi sipitishi mkono wangu. Nakuuliza wewe tu.

Mdogo wako,
Mfupa

*

1 Juni

Mfupa,

Marahaba. Usiingilie ya jikoni. Kazi yako ni kula.

Lakini kwa kuwa umeuliza, nitakujibu, maana wewe ndiye niliyelala naye kitanda kimoja ukinipiga mateke. Ndiyo, ninaona wivu. Nimeandika, umeridhika? Nina kijiba cha roho hapa, nikimeza chai kinapanda. Huyo mke wako ana kosa gani? Hana. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mkorofi ningemchukia nikapumzika. Anaandika "wifi yangu mpendwa", anapangusa chumba changu, anasukwa na mama yangu, anamvalisha gauni la fundi mwingine, na sasa anataka bata wangu. Amebakiza nini? Nyumba nzima anayo. Mimi nilikuwa na bata tu.

Nitakwambia ninachotaka. Nataka siku hiyo mama aonje, ashushe kijiko, aseme, "Binti yangu yuko wapi?" Basi. Sitaki zaidi ya hapo. Wageni hawatakufa kwa kula bata aliyelainika, na mkeo atajua kwamba vitu vingine havihami na ndoa.

Ukimwambia, sahau kwamba uliwahi kuwa na dada. Na mateke yale sijakusamehe.

Dada yako

*

9 Juni

Wifi yangu,

Barua fupi, niko kazini na foleni ni ndefu. Nina swali moja tu, na nakuomba ulijibu umetulia. Una hakika na ile habari ya usiku kucha?

Kama ulipitiwa, au ulikuwa na haraka ya magauni, niambie tu. Hakuna ubaya. Muda bado upo.

Nesi

*

13 Juni

Wifi,

Nina hakika. Ningekosea bata wa mama yangu?

Fundi

*

27 Juni

Wifi mpendwa,

Natumaini shughuli ilipita salama. Nilisema utaniandikia siku ya pili yake, nikaona kimya. Nikasema labda mmechoka kuosha vyombo. Leo wiki imepita.

Mama alionaje chakula? Bata alitokaje? Nauliza tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuelekeza, na fundi hutaka kujua kazi yake imefikia wapi. Kama kuna kitu hakikwenda sawa usione aibu, bata ni mnyama mgumu, hata mimi wa kwanza alinishinda. Wageni walikula? Mama alisema chochote?

Yale magauni sita nimemaliza. Kusema kweli niliyamaliza kabla ya tarehe ishirini. Siku yenyewe sikuwa na kazi, nilifagia karakana mara mbili kisha nikakaa. Mume wangu akaniuliza ninasubiri nini pale mlangoni, nikamwambia nasubiri wateja.

Mfupa naye hajaandika. Mwambie nimemsalimu.

Wifi yako,
Fundi

*

2 Julai

Wifi,

Shikamoo. Nilichelewa kwa makusudi. Nilikuwa na hasira, na muuguzi mwenye hasira hashiki sindano, kwa hiyo nikaona hata kalamu nisishike.

Nianze na hili: najua. Sikuambiwa na mume wangu, yeye wiki hizo alikuwa akinikimbia humu ndani kama mtu anayedaiwa, nikajua tu kuna kitu. Ni mazoea yangu, sitoi dawa mpya bila kuijaribu kidogo kwanza. Nilinunua bata wawili. Wa kwanza nikampika tarehe nane, mimi peke yangu nyumbani na mama, nikifuata barua yako neno kwa neno, na sindano ya magunia nikaazima. Usiku kucha kwenye nanasi. Nilipokata uzi ili nifungue tumbo, bata mzima akafunguka. Paja likabaki kwenye uma wangu likiwa mfupa mtupu. Nilikaa kwenye kigoda nikalitazama lile bakuli nikalia, wifi. Si kwa sababu ya bata. Ni kwa sababu nilikuwa nimejisifu kazini kwamba mimi na wifi yangu tunaelewana, wenzangu wananionea gere.

Barua yangu ya tarehe tisa niliiandika bakuli lile likiwa bado ninaliota. Nilikuwa nakuachia mlango wazi. Ukanijibu, "Ningekosea bata wa mama yangu?" Hapo nilikasirika kweli. Nilitaka kubandika barua zako zote ukutani siku ya wageni, kila mtu asome.

Sasa nikueleze kilichonizuia, na hili lilitokea siku ile ile ya bata wa kwanza. Nikiwa pale kwenye kigoda, mama akaingia jikoni, na magoti yake hayo. Hakuuliza ninalia nini. Alivuta bakuli, akachukua kijiko, akaonja. Akaonja tena. Halafu akala, wifi. Alisimama pale kwenye meza akala bakuli zima, rojo la nanasi linamtiririka kidevuni, na mimi natazama tu. Mwaka mzima niliokaa naye sijawahi kumwona akila nyama namna ile. Nikamwambia, "Mama, kaa basi kwenye kiti." Akasema, "Niache."

Alipomaliza akanionyesha. Aliingiza vidole kinywani akatoa meno ya juu, meno ya bandia, akayaweka kwenye meza kando ya bakuli. Ufizi wake una vidonda, wifi. Hayamkai, yanambana, miaka mitatu sasa hawezi kutafuna nyama. Na mimi nesi, niko naye nyumba moja, sikujua! Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Binti yangu anasafiri kutwa nzima kuja kunipikia, nimwambie siwezi kula? Nilikuwa nameza kile kipande cha kwanza kizima kizima, kinachobaki nampa Mfupa." Na ndiyo maana safari hii alitaka nipike mimi. Alisema, "Nilitaka siku moja mwanangu akae karibu yangu mezani, asiwe jikoni, na mimi nisiwe na la kumficha."

Kisha akapiga kijiko kwenye bakuli, akasema, "Huyu ni bata wa binti yangu. Huyu ananijua."

Ndipo na mimi wivu ukanishika, nisikufiche. Aliyechinja ni mimi, aliyenyonyoa ni mimi, aliyelia ni mimi, na anayesifiwa ni wewe, tena kwa jambo ulilonifanyia kwa ubaya! Neno lilinifika kwenye ulimi. Ningelitoa ungekwisha. Nikamtazama mama yule, hana meno, ana furaha, nikalimeza. Lilikuwa gumu kuliko bata yeyote.

Kwa hiyo tarehe ishirini nilifanya vile vile, kwa makusudi. Usiku kucha. Asubuhi nikampika, nikamchambua wote, mifupa nikatupa, nikamrudisha kwenye rojo lake la nanasi na tangawizi, nikaandaa na wali. Wageni wakadhani ni pishi jipya la mjini. Mume wangu alikuwa akipekua sahani kwa uma akitafuta mfupa mpaka nikamwonea huruma. Nikawaambia wote kwamba maelekezo ni ya wifi yangu. Sikusema uongo.

Gauni la kijani mama hakulivaa. Alivaa lile la bluu ulilomshonea wewe, lililofifia kwenye kola. Langu liko kabatini. Alisema linamvuta shingoni.

Na kile kiti cha kulia kwake aliagiza kisikaliwe na mtu. Chakula kilipoletwa alionja, akashusha kijiko, akakitazama kile kiti, akauliza, "Binti yangu yuko wapi?" Mume wangu akatoka nje, akasema anakwenda kuangalia fyuzi, na umeme ulikuwa unawaka. Mama akangoja kidogo, akachukua kijiko chake akaendelea kula.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mama nimempeleka kwa daktari, meno yanarekebishwa. Sasa niambie wewe, kwa haki ya Mungu, bata huyu anakaa kwenye nanasi kwa muda gani? Mume wangu anataka kutafuna.

Nesi

*

8 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Sijawahi kukuandikia hivyo. Leo nimekuandikia, na sikulazimishwa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mteja alikuja kuchukua sketi yake nikampa suruali ya mtu mwingine, akaenda nayo.

Ulichosema ni kweli tupu. Nilijua, na uliponiachia mlango wazi niliusukuma nikaufunga kwa mkono wangu. Sina cha kujitetea. Nilikuonea wivu tangu siku uliyoingia nyumba ile na sanduku lako, ukamsalimia mama, mama akakuambia "karibu nyumbani", na mimi nikiwa pale jikoni nashona tumbo la bata wa harusi yako. Hata leo ninaona wivu. Nimesoma mahali ulipoandika kwamba mama alikula kwako amesimama, rojo linamtiririka, nikasema, kwa nini kwangu hakula hivyo? Miaka mitatu amekuwa akimeza vipande vyangu vizima, ananisifu, anamhamishia Mfupa, na mimi nilijivunia. Nilikuandikia nikakukoga kwa jambo hilo hilo. Mimi ninayejua bega lake limeshuka kiasi gani, sikuona kinywa chake.

Nilimwambia Mfupa kwamba nataka mama aonje, ashushe kijiko, aulize binti yangu yuko wapi. Muulize, barua anayo. Ndivyo alivyouliza, neno kwa neno. Na mimi nilikuwa mlangoni kwangu na ufagio.

Lakini kuna kitu wewe hukukijua, kwa sababu hukukulia pale. Muda wa nanasi ni mashati mawili. Unampaka bata unapoanza kupiga pasi shati la kwanza, la pili likikunjwa unamwosha. Zaidi ya hapo nyama inaanza kuyeyuka. Hiyo ndiyo siri yote niliyokunyima. Na aliyenifundisha ni mama. Pasi ilikuwa ya mama, mashati alikuwa anapiga mama. Nilipokuwa mtoto nilikwenda kuruka kamba nikamwacha bata kwenye nanasi mchana kutwa, akatoka vile vile unavyoeleza, na mama alinichapa mwiko. Aliionja nyama ile siku ile. Hawezi kuisahau.

Wifi, mama hakudanganyika. Alipokukuta unalia kwenye kigoda na bakuli mbele yako, alijua. Kijiko cha kwanza kilimwambia nani amefanya nini na kwa sababu gani. Ndiyo maana hakukuuliza unalia nini. Akala bakuli zima ili wewe usilie na mimi nisiaibike, akatoa na meno yake ambayo miaka mitatu alikuwa ameyaficha, akayaweka mezani. Wewe ulimeza neno moja kwa ajili yake. Yeye alimeza langu na lako.

Nakuja Jumamosi. Usichinje bata, nakuja naye, na sindano yangu, na uzi. Nitamgawa nusu. Nusu ya Mfupa itakaa kwa mashati mawili, utayapiga pasi wewe huku ninakuonyesha, mashati ya mumeo yamejaa saruji. Nusu ya mama italala kwenye nanasi usiku kucha. Tutapika wote wawili, halafu mimi nitakwenda kukaa kwenye kile kiti. Na hilo gauni la kijani lilete nilifumue bega, kitambaa ni kizuri, nimekasirika bure.

Mwambie mama ninakuja. Sababu usimwambie, anaijua.

Wifi yako,
Fundi